Ukuta wa Don Evaristo na Macho ya Watalii

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Kusko, kule Peru, juu kabisa kwenye milima ya Andes, ambako mgeni akipanda ngazi kumi tu hukaa chini kutafuta pumzi. Jina lake Don Evaristo. Hiyo Don ndiyo Bwana yao. Alikuwa na hoteli, na hoteli hiyo ilikalia kuta za jumba la kale la mfalme wa Inka, watu waliotawala nchi hiyo zamani, mawe makubwa yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Ukuta mmoja ulitazama kichochoro cha watu wote, na hapo ndipo palipomuuma. Kila mpita njia aliutazama bure!

Basi siku moja akatoa amri. Wageni wanaolala hotelini kwake ruhusa kutazama. Wengine wapite, maana njia si yake, lakini wapite wamefumba macho.

Mnacheka? Watu walifumba, jamani. Nusu ya mtaa walikuwa wafanyakazi wake, na nusu nyingine walitamani kuwa.

Sasa mjini humo alikuwapo mama mmoja, Saturnina, mtembeza wageni. Ziara zake zilikuwa za watu wa mfuko mwembamba: hakuna basi, hakuna mlo wa mchana, miguu yako na mkate wako. Lakini ulimi alikuwa nao. Angeweza kukueleza jiwe moja mpaka ukalionea huruma. Asubuhi moja alikuwa na wageni wanane, mmojawao Mzee Shekiondo, fundi cherehani mstaafu wa Tanga, aliyekatiwa tikiti na binti yake. Wakatoka hekalu la jua, wakashika kichochoro. Don Evaristo huyo mlangoni, mikono kiunoni.

"Macho!" akapaza sauti.

"Fumbeni macho, wageni wangu," akasema Saturnina kwa upole. "Mwenyewe kasema macho. Mikono hakuitaja. Wekeni mikono ukutani."

Wakapita wakipapasa. Kucha hazikupata pa kupenya kati ya jiwe na jiwe. Mzee Shekiondo akasimama, macho kayafumba kwelikweli, kidole kinafuata kiungo cha mawe polepole.

"Miaka arobaini nashona suti," akasema. "Mshono huu mimi siuwezi."

Wenzake wakaangua kicheko. Wapita njia nao wakataka kuujua huo mshono, wakaanza kupapasa. Kichochoro kikaziba. Don Evaristo akapiga kelele hata sauti ikamkauka, na kabla ya saa sita mchana Saturnina alikuwa amesimama mbele ya hakimu.

Hapo hakucheka tena. Don alitaka mama huyo anyang'anywe kitambulisho chake cha kutembeza wageni, na bila kitambulisho kile Saturnina hakuwa na kazi nyingine duniani. Aliogopa, nawaambieni.

"Mheshimiwa," Don akaanza, "mwanamke huyu kaudhalilisha ukuta wa babu yangu."

"Babu yako?" hakimu akauliza.

"Mfalme wa Inka! Mimi ni wa damu ile. Jumba lake, mawe yake, na mrithi wake ni mimi. Nina haki ya kusema nani atazame."

Hakimu akamgeukia Saturnina. "Mama, kama ni mali ya urithi, kitambulisho nakichukua. Una neno?"

"Nina maswali mawili matatu, Mheshimiwa." "Don Evaristo, hiyo damu una hakika nayo?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Na mila za babu zako unazishika?"

"Zote! Hakuna hata moja niliyoiacha."

"Apa."

Akaapa, mkono kifuani, kidevu juu.

"Ahsante. Nikumbushe basi, mimi mtu wa kutembea tu. Mfalme wa Inka akifa, walimzika?"

Don akacheka kwa dharau. Alipenda sana kuonyesha elimu yake.

"Kumzika? Ujinga gani huo! Walimkausha, wakamvika nguo zake, wakamkalisha. Aliletewa chakula na pombe ya mahindi kama yu hai. Palipokuwa na jambo zito, aliulizwa yeye."

"Maskini! Na jumba lake akapewa nani?"

"Apewe nani? Nani angethubutu? Jumba lake, mashamba yake, watumishi wake, vyote vilibaki vyake. Kwetu mfalme hafi!"

"Na mwanawe aliyekalia kiti, alilala wapi?"

Don akageuka kuutazama mlango.

"Jibu, Don," akasema hakimu, ambaye sasa alikuwa ameweka kalamu chini.

"Alijijengea jumba lake."

"Mwanawe wa kumzaa?" akauliza Saturnina.

"Wa kumzaa."

"Hata chumba kimoja hakurithi?"

Don akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri sana.

Hakimu akajikuna shavu. "Sasa mama, wewe unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu, Mheshimiwa. Kama Don si mjukuu wa mfalme, basi ukuta si urithi wake, na macho yetu hayana kosa. Kama ni mjukuu, na kaapa mwenyewe hapa, jumba bado ni la babu, na yeye ahame leo akajenge lake. Watu wangu wanane wako hapo nje, wana nguvu zao. Achague mwenyewe: waende wakautazame ukuta, au waende wakamsaidie kutoa vitanda?"