Pembe Isiyochovywa

Leteni hiyo nguo hapa. Wewe Saumu, nawa mikono kwanza, kisha ukae, na nyinyi wengine acheni kucheka. Mmeniharibia nguo nne asubuhi hii kwa sababu ya usafi. Mteja mmoja kasema pembe nyeupe inaonyesha uvivu, nanyi mkakimbilia kuitosa nguo nzima kwenye pipa, mpaka pindo la mwisho. Hakuna aliyeniuliza. Sawa, hata mimi sikuuliza nilipokuwa msichana. Nilichovya nguo nzima nikijiona hodari, nikala kofi la fundi wangu, mkono wake una nili, na shavu langu likakaa buluu siku tatu. Nyinyi sitawapiga. Nitawaeleza, na nikimaliza hamtaniuliza tena.

Kuna wakati nguo haikuwa na pembe nyeupe. Ilichovywa yote, na aliyeacha hata upana wa ukucha alichekwa. Wakati huo ulikuwapo mji mdogo ukiitwa Kitowe, umezungushiwa ua wa miiba, una lango moja tu la magogo yaliyosimamishwa, na kati ya gogo na gogo mkono uliweza kupita. Watu wa Kitowe walipanda mtama na muhogo, na pembezoni mwa mashamba walipanda mnili kwa ajili ya rangi. Kazi ya rangi ilikuwa ya mtu mmoja, na miaka hiyo mtu huyo alikuwa mwanamke anaitwa Somoe.

Kila mtu wa Kitowe alikuwa na chapa yake. Mtoto akizaliwa, mzazi alimchongea kipande cha mti chenye alama isiyofanana na ya mwingine: huyu kobe, yule mchi, yule mwiba wa samaki. Kila mwaka baada ya mavuno, Somoe alitandaza shuka moja kubwa, akazichukua chapa zote za watu walio hai, akazitia katika uji mzito wa muhogo na kuzigonga juu ya shuka, mtu mmoja alama moja. Uji ukikauka, shuka ilitoswa katika mtungi wa nili. Mnaijua wenyewe tabia ya nili. Nguo hutoka mtungini ina ukijani wa jani bichi, mpaka mgeni wa kazi hudhani mambo yameharibika. Ikipigwa na hewa ndipo inageuka buluu mbele ya macho yako, na ikishageuka hairudi. Kisha uji ulikwanguliwa, na pale ulipokuwa uji palibaki peupe. Weupe huo ndio waliokuwa watu.

Aliyekufa chapa yake haikugongwa. Mahali pake palimezwa na buluu, na watu wakasema amekwenda na rangi. Shuka hiyo ilitundikwa langoni kwa ndani, na masika mlinzi wa lango aliisoma kabla ya kumfungulia yeyote aliyekuja kutoka nje. Msione ni ukatili. Masika ya miaka ile mizuka ilikuja na mvua, ina sura na sauti za waliokufa, ikiomba kufunguliwa. Iliwahi kufunguliwa mara moja, na nyumba saba hazikuamka. Kwa hiyo kanuni ya masika ilikuwa fupi: mwenye alama nyeupe hufunguliwa, asiye nayo haitikiwi.

Somoe alikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Mwatime. Chapa yake ilikuwa kitana cha meno matano. Somoe hakungoja azaliwe, aliichonga mwenyewe mimba ikiwa na miezi minane, na alizoea kusema kwamba katika Kitowe nzima hakuna chapa iliyochongwa kwa raha kama ile. Alimlea akimtazamia kushika mtungi baada yake. Lakini mwana unamzaa, moyo wake huuzai. Mwatime hakuupenda mtungi. Alimpenda mchuuzi wa chumvi, mtu wa kupita wakati wa kiangazi, asiye na chapa mjini, na alipokatazwa alifunga kibindo chake akaondoka naye. Mlangoni mama alimwambia, "Na kazi hii nimwachie nani?" Binti, kwa hasira za ujana, akajibu, "Mama, mikono yako inanuka mtungi hata unapokula. Mimi sitaki kunuka hivyo mpaka kaburini."

Somoe hakulisahau neno lile. Mavuno yalipokwisha alitandaza shuka, akagonga kobe, akagonga mchi, akagonga mwiba wa samaki. Akakishika kitana. Alikitia hata katika uji. Kisha akakiweka pembeni, juu ya jiwe, akaendelea na chapa inayofuata.

Hakutaka mwanawe afe. Jueni hilo, maana kuna wanaoisimulia hadithi hii wakimfanya mchawi. Alitaka tu Mwatime arudi siku moja kuomba radhi, aikute nafasi yake imekuwa buluu, alie kidogo, halafu yeye amsamehe na mwaka unaofuata amgonge upya. Alitaka kumtia adabu. Wangapi kati yenu mmeshasikia mama akisema mtoto fulani kwangu amekufa, na jioni hiyohiyo amemwekea chakula?

Shuka ilipotundikwa watu walikuja kujitafuta, kama desturi. Mwanamke mmoja akauliza, "Bi Somoe, kitana kiko wapi?" Hapo alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na kweli ingemwaibisha kwa siku moja tu. Lakini wote walikuwa wamesimama wanamtazama, na kiburi cha fundi ni kibaya. Akajibu, "Kimekwenda na rangi."

Wakamlilia Mwatime. Wakaleta mchele, wakapika ubwabwa, wakalala kwake siku tatu kwenye mikeka. Somoe alikaa katikati yao amejifunika, anapokea pole za mtoto aliye hai. Siku ya kwanza aliona haya. Siku ya pili alitaka kusema, akaona ubwabwa umeshaliwa. Siku ya tatu alilia kwelikweli, na hakuna aliyejua analia nini. Baada ya hapo uongo ukawa mzito mno kuunyanyua, akauacha ulipo, akijiambia kwamba mwaka ni mfupi.

Masika yakaingia. Huko alikokuwa Mwatime homa ilipita, ikamchukua yule mchuuzi wa chumvi, ikamwachia yeye nusu ya uhai. Hakuwa na kwingine kwa kwenda. Alitembea siku sita, na siku ya sita alasiri, mvua ikinyesha, akafika langoni mwa Kitowe akashika magogo kwa mikono miwili akaita.

Mlinzi wa lango alikuwa mzee anaitwa Ngwali. Alimtambua sauti kabla hajamtambua sura. Akaigeukia shuka, akatafuta kitana, akaona buluu.

"Mzee Ngwali," binti alisema, "ni mimi Mwatime. Nifungulie, naumwa."

Kanuni ilisema asijibu. Ngwali alijibu, na hilo watu walimlaumu baadaye, ingawa mimi simlaumu. Alisema, "Nimekula ubwabwa wa matanga yako, mwanangu. Nitakufunguliaje?"

Binti hakuelewa. Alidhani ni homa inamchezea masikio. Akaendelea kuita, akamwita Ngwali, kisha akamwita mama yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo huniuma. Watu wa Kitowe walimwonea Somoe huruma. Walisema mama asisikie mzuka unaoita kwa sauti ya mwanawe. Wakaenda wanawake watano kibandani kwake, upande wa pili wa mji, wakachukua vinu na kuanza kutwanga mtama kwa nguvu, wanaimba, ili sauti isifike. Somoe alikuwa anakoroga mtungi. Akatwangiwa mtama kwa muda mrefu kabla hajauliza, "Mnatwanga nini na mvua yote hii?" Wakazidi kutwanga. Mmoja akainamisha macho. Somoe akawatazama mmoja mmoja, akauacha mti wa kukorogea ukazama mtungini, akakimbia.

Alifika langoni mikono ikimchuruzika nili. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini ilikuwapo. Akamshika Ngwali, akamwambia, "Fungua. Hakufa. Niliwadanganya, niliiacha chapa yake kwa hasira tu."

Ngwali alikuwa analia. Alisema, "Bi Somoe, mke wangu aliponiita hapahapa nami nilisema hakufa. Nilisema nimemzika kwa makosa. Ni wewe uliyenishika mikono nisifungue. Kila mwenye mtu wake langoni husema hivyo."

Na ilikuwa kweli. Somoe ndiye aliyemshika Ngwali siku ile, kwa mikono hiyohiyo. Wakamshika naye, wanaume wanne, kwa upole, wakimwita dada, wakimwambia avumilie mpaka asubuhi. Alipoona hawafungui aliwaomba wampe walau shuka. Wakaitungua nusu, nusu ikabaki inaning'inia magogoni, wakamwachia, maana waliona haina madhara. Akapasugua mahali pa kitana kwa maji ya majivu mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Buluu haikutoka. Akatuma aletewe kitana na uji wa muhogo, akagonga juu ya buluu. Uji ukaonekana mweupe, Ngwali akausogelea na kuugusa kwa kidole. Ukabanduka ukadondoka matopeni, na chini yake palikuwa buluu vilevile. Uji huzuia rangi isiingie. Rangi iliyokwisha kuingia, uji hauijui.

Alikaa pale pale akigonga na kubandua, kubandua na kugonga, na hakujua ni saa ngapi sauti ya nje ilikoma.

Asubuhi mvua ilipokatika walifungua lango. Mwatime alikuwa ameegemea magogo, amekwisha kufa. Miiba ilikuwa imemchana mikono na damu yake ilikuwa imekauka juu ya mti, na hapo kila mtu akajua, kwa sababu mzuka hauna damu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepita katikati ya magogo ukaingia ndani ya mji, na kiganjani ameikamata pembe ya shuka. Wakati mama yake akisugua upande mmoja wa nguo ile, yeye alikuwa ameshika upande wa pili. Ilibidi vidole vifunguliwe kimoja kimoja.

Safari hii hawakupika ubwabwa. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumpa pole Somoe, naye hakuzitaka. Wengine walisema afukuzwe. Ngwali alikataa, akasema tukianza kumfukuza aliyesema uongo itabidi tujifukuze na sisi tuliotwanga mtama na kushika lango.

Baada ya mavuno wakamletea shuka mpya, maana fundi mwingine hawakuwa naye. Alizigonga chapa zote. Kisha akaikamata nguo kwa pembe moja, ngumi imefumbwa, akaichovya mtungini mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, na mara zote saba ngumi ile haikufumbuka wala haikuingia katika rangi. Shuka ilipokauka ilikuwa na pembe nyeupe, ukubwa wa kiganja cha mtu. Watu wakajiuliza, mwishowe Ngwali akamuuliza yeye, "Bi Somoe, hapo umesahau?"

"Sikusahau," alisema. "Hapo ni pa mtu aliyeko nje, ambaye sisi humu ndani tumeshasema amekufa. Akiita, mfungulie. Kama ni mzuka, uanze na mimi."

Ngwali akazisoma shuka za namna ile mpaka mwisho wa maisha yake, na hakumwacha mtu nje tena. Mizuka, kama ilikuwapo, haikumdhuru mtu. Ndipo watu walipoona kwamba kanuni yao ilikuwa imewagharimu zaidi ya mizuka, wakamkumbuka mke wa Ngwali, wakamkumbuka na huyu na yule aliyeita kwenye mvua miaka ya nyuma, na kila nyumba ikawa na kilio chake cha chinichini. Miaka mingi baadaye wakazikusanya chapa za watu wakazichoma. Ndiyo maana leo tunagonga maua na korosho na nyota, alama isiyo ya mtu, tena mamia kwa mamia, ili asiwepo wa kuachwa.

Na Somoe? Alikuwa ameacha kuigonga chapa yake mwenyewe tangu shuka ile mpya. Ngwali aliliona pengo, akaendelea kumfungulia. Aliishi miaka kumi na minne mjini, anakula, anachovya, anasalimiwa, na mahali pake palikuwa buluu.

Tangu msimu ule wa mavuno wa Kitowe, fundi wa nili huikamata nguo kwa pembe moja na haiachii. Mafundi waliolijua jambo hili karibu wote wamekwisha, waliobaki wanashika kwa mazoea tu, wengine watakwambia eti ni ili nguo isitumbukie. Mteja akilalamika, mwambieni ndivyo kazi ilivyo. Msimpe hadithi, hakuinunua.

Unalia nini, Saumu? Tutachovya nguo nne nyingine, gharama yake nitaikata kwenye faida yangu. Njoo hapa. Mimi nina mwanangu wa kiume yuko Tunduru, mwaka wa tisa huu. Aliniudhi, nikasimama mbele ya watu nikasema kwangu huyo amekufa. Nilisema hivyo na hadithi hii ninaijua, nimeijua tangu nikiwa na umri wako.

Shika pembe hii, fumba ngumi. Kaza zaidi. Hivyo hivyo, mpaka rangi igeuke.