Mzee Ngwale na Kigoda cha Posa

Mdharau mchicha hukosa kiti. Mmeisikia kwa bibi yenu, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni niwaambie, hasa wewe unayesukumia mboga pembeni ya sahani.

Chanzo chake ni Mzee Ngwale, mwenye bucha wa Kwamgogo. Mtu yule alikula nyama asubuhi, nyama mchana, na jioni akamalizia supu ya utumbo kwa ugali wa sembe, mweupe pee. Kila siku mkewe, Bi Stumai, alimwekea bakuli la mchicha, na kila siku Mzee alilisogeza kwa kidole kimoja kama mtu anayeondoa mende.

"Mke wangu, mimi nina pembe?" alikuwa akiuliza. "Hayo majani mpe mbuzi, nami nitamla mbuzi. Si nitakuwa nimeyala?"

Maji nayo alisema ni ya kuogea. Basi choo kikawa kigumu. Aliingia msalani jua likichomoza, akatoka chai imepoa, jasho linamtiririka kama mpasua kuni. Haikupita miezi, bawasiri ikamtokea. Kuketi kwake kukawa kukalia kaa la moto. Damu aliiona, akanyamaza. Hata Bi Stumai hakumwambia, kwa aibu. Buchani alisimama, na nyumbani akajidai anapunga upepo mlangoni.

Ndipo ikafika siku ya posa ya binti yake, Hidaya. Binti alikuwa amemngoja fundi seremala mmoja miaka mitatu, na hakutaka mwingine. Sasa, desturi ya pale ni hii: baba wa binti huketi kwenye kigoda mpaka mshenga amalize maneno yake. Akiinuka kabla, amekataa, na posa hiyo hairudi tena.

Mshenga, Mzee Kihiyo, alikuwa mtu wa maneno marefu. Alianza na babu wa babu yake kijana. Mzee Ngwale akaegemea upande wa kushoto. Akahamia wa kulia. Machozi yakamlengalenga.

"Masikini, ana uchungu na mwanawe," wageni wakanong'onezana.

"Na sasa," mshenga akasema, "tuje kwa shangazi zake, ambao ni saba."

Saba! Mzee Ngwale akaruka wima kama aliyekalia siafu.

Nyuma ya pazia Hidaya akaangua kilio. Mshenga akachukua bakora yake. "Tumesikia. Jamani, twendeni."

"Sijakataa!" Mzee akapiga kelele.

"Basi keti."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Mzee Ngwale akatazama pazia, linatikisika kwa kwikwi za mwanawe. Akaona afadhali afe yeye kwa aibu kuliko binti akose mume kwa sababu ya makalio ya baba yake.

"Nina bawasiri, jamani! Moyo umekubali, makalio ndiyo yamekataa!"

Shangazi mmoja wa kijana alicheka mpaka akateleza kwenye mkeka. Mshenga yeye akatikisa kichwa. "Ngwale, ndugu yangu, mbona ukajificha? Mimi nami yalinipata, kwa kudharau mboga. Kesho nenda zahanati. Lakini leo, kwa kuwa huwezi kukubali kwa kuketi, kubali kwa kinywa. Bi Stumai, shemeji, kuna mboga humu ndani?"

Kama alikuwa akiingoja siku hiyo! Bakuli lilitua mbele ya mumewe kabla mshenga hajafunga mdomo. Mzee akala amesimama, mbele ya wakwe, mchicha wote, akaramba hata bakuli. Hidaya akapiga kigelegele nyuma ya pazia.

Huko zahanati nesi alimpa dawa, akamwambia yale yale ya mkewe: mboga, maharage, papai, ugali wa dona, maji ya kutosha, na asikae msalani akijikamua. Haikupona kwa siku moja. Lakini siku ya harusi aliketi tangu dua mpaka pilau, akamgombeza hata mpishi kwa kusahau mchicha.

Wanangu, ukiona damu sema, usisimame mlangoni ukipunga upepo. Na chakula kikija, kumbukeni: mdharau mchicha hukosa kiti.