Tikiti Lililowekewa Matanga

Mtikiti wa Bi Sikudhani ulitambaa ukavuka mpaka, ukazaa tikiti moja nono ndani ya shamba la Bwana Shekimweri, tajiri wa kijiji. Mitikiti yake yeye ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutambaa. Tajiri akaita watu.

"Nyote ni mashahidi! Tikiti ni la mwenye shamba linapolala. Habari za shina sitaki kuzisikia."

"Sawa, baba," Sikudhani akasema huku akijifuta machozi. "Ila niruhusu nije kila asubuhi nimlilie mwanangu."

Shekimweri alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akamruhusu. Basi kila kukicha Sikudhani alipita shambani kwa tajiri akilia kwa sauti, akiyapapasa matawi na kuyalaza upande mmoja kama mama achanaye watoto nywele. Tajiri alikaa kibarazani, akiita wageni waje kumwona kichaa.

Siku ya kuvuna alikuta shambani kwake tikiti moja tu, lile lile la ugomvi. Mashina yake yote yalikuwepo, lakini matikiti yalikuwa ng'ambo ya mpaka.

"Yamefuata nini kwako?" akafoka.

"Yamekuja matangani, baba. Yameona ninavyolia, yakasema hayaniachi peke yangu, yatalala hapa hapa."