Mkafuri Usiovuka Ukuta

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na mti na kivuli chake!

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha Uchina, alikuwapo mzee aitwaye Shen. Majirani wakigombania mpaka, humwendea. Ndugu wakinuniana, humwendea. Akisema neno moja, hurudi kwao wakicheka.

Kijijini humo, mtoto wa kike akizaliwa, wazazi walipanda uani mkafuri, mti wa mbao za kunukia. Mti ukichungulia juu ya ukuta, mshenga huuona, akabisha hodi. Binti akiposwa, mti hukatwa, ukachongwa makasha mawili ya arusi.

Mzee Shen na mkewe walipanda mkafuri wao siku aliyozaliwa binti yao, Ruolan. Kila asubuhi mama aliumwagilia maji aliyooshea mchele. Ruolan alipotimiza miaka kumi, mama akafa. Wakabaki watatu: baba, binti na mti.

Mti ukakua, ukaufikia ukuta. Mzee akaleta ngazi na msumeno. Kwaru, kwaru, kwaru! Kilele kikaanguka, puu!

"Una wadudu," akasema.

Ruolan akashika ngazi.

Mwaka wa pili, kwaru, kwaru, puu! "Unaziba jua." Ruolan akashika ngazi. Mwaka wa tatu, kwaru, kwaru, puu! "Utavunja vigae." Ruolan akashika ngazi.

Bi Qiao, mshenga, akipita hunung'unika: "Huyu mzee kapanda mkafuri au kabichi?"

Mwaka wa saba mzee akaweka mguu kwenye ngazi. Ngazi ikayumba. Akageuka. Ruolan alikuwa ameiachia.

"Mwanangu, nitaanguka!"

"Basi shuka, baba."

"Lakini wadudu..."

"Hauna wadudu. Haujapata kuwa nao."

Mzee akainama. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Nilishika ngazi kwa kuwa nami sikutaka kuondoka. Sasa mwana wa mfinyanzi, yule wa ng'ambo ya mto, ameniuliza mti wetu utakua lini."

Mzee akaketi chini, mgongo kwenye shina. "Mama yako aliumwagilia kwa mkono wake. Ukikatwa, nibaki na nini?"

"Aliumwagilia uwe makasha, baba."

Mzee akainuka. Kisha akautundika msumeno.

Mvua ya kwanza, mvua ya pili, tawi likavuka ukuta. Bi Qiao akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. "Hodi! Hodi! Hatimaye!"

Seremala alipouangusha mti akaguna. "Huku juu pana mafundo sita, mzee. Niyatoe?"

"Yaache," akasema Ruolan. "Ni miaka sita niliyozidi kukaa na baba."

Makasha yakavuka mto, yakinukia njia nzima.

Kesho yake Mzee Shen akaosha mchele wake, wa mtu mmoja. Akasimama na maji mkononi. Akayamwaga kwenye kisiki. Na kesho yake tena. Na kesho yake tena. Kabla mvua hazijaisha, kisiki kikachipua.

Ngazi akampa jirani.

Wenzangu, tukimpenda mtu tumwandalie na safari yake, hata kama inamtoa mlangoni petu.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye kisiki. Mwenye chake akakimwagilie.