Mkeka wa Maneno Machache

Hapo zamani, paka wa Malkia Mwanaziwa alikufa, na watu watatu wakacheka mazikoni. Wakatiwa ndani. Mmoja wao alikuwa Makame, kaka yake Somoe.

Malkia huyo alikuwa na mkeka wa nakshi ngumu, akataka usukwe vilevile katika kila mji wake. Tarishi wake alikuwa hodari wa mbio, ila kichwani hakikai kitu. Basi akatangaza: "Atakayeniletea maagizo ya mkeka huu kwa maneno machache kuliko yote yanayowezekana, nitamfungulia mtu wake. Wawili watakaobaki wataenda kisiwa cha chumvi, na huko hawarudi."

Wa kuyajaribu maagizo alikuwa Bi Nyange, msusi asiyeongeza wala kupunguza. Aambiwalo ndilo afanyalo.

Akaja Faki, ambaye mkewe alikuwa gerezani. Akasema maneno kumi. Bi Nyange akasuka, na adhuhuri mkeka ukawa tayari.

Akaja Mize, ambaye mwanawe alikuwa gerezani. Akasema maneno matano. Bi Nyange akasuka, akafumua, akasuka, akafumua, hata masika yakapita. Lakini mkeka ukatoka uleule.

Akaja Somoe. Akasema maneno matatu. Bi Nyange akasuka, akasuka, akasuka.

"Utamaliza lini?" akauliza Malkia.

"Sijui, Malkia. Nafuata nilivyoambiwa. Mwisho wake sijaambiwa."

Somoe aliogopa. Angeweza kuapa kwamba mkeka unakuja. Lakini maneno aliyajua, mwisho wake hakuujua, na kuapa uongo hakuweza.

Faki akasema, "Malkia, nipe mke wangu. Kwa maneno yangu watu watalalia mikeka mwaka huuhuu."

Mize akasema, "Uliagiza uchache, Malkia, hukuagiza haraka. Mkeka upo, na maneno yangu ni nusu ya yake. Nipe mwanangu."

Somoe akasema, "Nani ataapa kwamba matano ndiyo machache kuliko yote? Matatu yangu bado yanasukwa. Huenda kesho yakatoa mkeka, huenda yasiutoe milele, na hakuna wa kutuambia. Umeomba kitu ambacho hata kikiwa mkononi mwako hutakijua, Malkia. Mimi peke yangu nimekwambia kweli. Nipe kaka yangu."

Bi Nyange anasuka. Mlinzi ameshika ufunguo mlangoni, anangoja atajiwe jina moja.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza: mngemtajia jina la nani?