Ukurasa Usiotulia

Wapendwa, wekeni simu chini kidogo. Na wewe wa nyuma, nimekuona.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, katika hospitali moja. Alitunza kiini cha mtambo, ile sehemu inayochukua ukurasa wa mgonjwa, ikaupigia muhuri, yaani tarakimu zinazokokotolewa kutokana na maneno yaliyomo ili baadaye ijue kama ni yaleyale, kisha ikauandika kwenye diski. Muhuri ukishapigwa, ukurasa hufungwa. Hugusi hata herufi mpaka uandikwe wote. Ni kufumba na kufumbua tu, lakini watu walinung'unika: "Fundi, mashine yako inatungojesha!"

Lawama zikamchosha, akaiondoa ile kufuli. Mambo yakawa chapuchapu, akasifiwa, kichwa kikamvimba.

Mwenzake akamuuliza, "Kaka, ukurasa ukibadilika katikati ya kuandikwa, muhuri utalingana na nini?"

"Acha woga wewe! Lini umeona?"

Haya. Mkewe akalazwa hapohapo, ajifungue kwa upasuaji. Maabara wakalinganisha damu yake, wakaingiza kwenye ukurasa wake namba ya mfuko wa damu aliotengewa. Mara wakaubadilisha kwa mwingine, wakaingiza namba mpya, na ukurasa ungali unaandikwa. Papo hapo umeme ukakatika. Yaliyokuwa kichwani mwa mashine yakafutika, yakabaki ya kwenye diski tu.

Umeme uliporudi, mke alikuwa anavuja damu. Daktari akapaza sauti, "Mfuko upi?"

Fundi akaufungua ukurasa kwa mikono yake mwenyewe. Mashine ikajibu: muhuri haulingani, ukurasa hauaminiki. Nusu namba ya kwanza, nusu ya pili. Damu ipo kwenye friji, na hakuna anayethubutu kuigusa!

"Tunalinganisha upya," akasema wa maabara. "Subiri."

"Nisubiri nini? Mke wangu anakufa!"

"Kaka, subiri."

Mmelisikia neno hilo? Aliyeona kufumba na kufumbua ni kwingi, sasa ameegemea ukuta, anasubiri. Mnataka kujua kama mkewe alipona? Hata yeye alitaka kujua.

Na sisi je? Tunamwomba Mungu aandike neno lake mioyoni mwetu. Hajamaliza, tumeshabadilisha! Toba ya ibadani haifiki hata getini, tumeanza kusengenya. Kisha siku ya shida tunaufungua moyo, tunakuta nusu nusu, tunasema Mungu hajibu. Hajibu, au hatukutulia akaandika?

Leo mmesikia neno, nalo bado liko njiani kuingia. Kwaya, kaeni, msiimbe kwanza. Mzee, acha kutafuta funguo za gari. Tutulie.