Kwa Nini Mruka Kamba Hunesa Kabla ya Kuingia

Enzi hizo kamba ilikuwa na adabu zake. Ililala chini kimya ikamngoja mrukaji aje, asimame katikati, ajifunge kanga vizuri, aseme "Haya!" ndipo wazungushaji wawili waiinue. Hakuna aliyejua kuingia katika kamba ambayo tayari inazunguka, wala hakuna aliyewaza jambo hilo. Kwani nani angejitupa mbele ya fimbo kwa raha zake?

Basi huko Usumbani, mji wa wasokota kamba, kuruka hakukuwa mchezo wa kupitisha jioni. Watu wa kule walifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya kijito mpaka yakaoza, wakayaponda, wakatoa usumba, zile nyuzi zake, na kusokota. Matope laini ya karibu yalitoa usumba mzuri kama nywele. Kule mbali, kwenye mchanga, makumbi yalikaa mwaka mzima na bado yakatoka magumu, yakachana vidole vya watu. Kwa hiyo kila mwaka ilikuwepo Siku ya Kamba. Kila ukoo ulitoa mrukaji mmoja. Aliyedumu zaidi, ukoo wake ulichagua matope, na ukoo uliokosa wa kuruka ulihamia mchangani. Hakuna kubembeleza.

Bi Kidawa ndiye aliyekuwa akiwarukia watu wake miaka yote, na alikuwa moto wa kuotea mbali! Lakini mwaka ninaousema aliteleza kijitoni akiwa na mzigo wa makumbi kichwani, mguu ukavunjika. Akabaki amelazwa ukumbini, mguu umefungwa vibanzi, ulimi mzima kabisa. Mwenye umri wa kuruka katika ukoo wao alibaki mmoja tu, bintiye Siwema.

Siwema hakuogopa. Kuruka alikujua tangu utotoni, na kamba ilikuwa ya kumngoja. Tatizo likaja pale Mzee Vuai, msimamizi wa Siku ya Kamba, alipopita uani kwa watu akitangaza sheria mpya. Warukaji wamekuwa hodari mno, alisema, wanaruka mpaka jua linazama na mshindi hajulikani. "Mwaka huu kamba hailali chini. Itazunguka tangu mwanzo. Mwenye miguu na aingie."

We! Mji ukageuka kichekesho. Katika kila ua ilisikika kamba ikipiga chini, pwaa, pwaa, kisha "Yalaa!" ya mtu aliyechapwa. Wengine walifumba macho wakakimbia kama mbuzi aliyetoroka. Wengine walihesabu kwa sauti, wakamaliza kuhesabu, wakabaki wamesimama pale pale wakitazamana na kamba.

Shangazi yake Siwema, Bi Pili, alikuwa mtu wa mpango. Alilikata lile jambo vipande vipande. Asubuhi Siwema aruke papo hapo bila kamba. Mchana akimbie na kusimama ghafla kwenye alama iliyochorwa mchangani. Jioni atazame kamba tu, asiiguse. Na mtoto wa watu alifanya yote, tena vizuri! Ungemtazama kipande kimoja kimoja ungesema huyu ndiye bingwa. Lakini walipoviunga pamoja, kamba ilimpiga shavuni mpaka ikamwachia mstari mwekundu kutoka sikioni hadi kidevuni.

Tangu hapo miguu ikamsaliti. Kamba ikizunguka, yeye anaganda. Moyo unamwambia sasa, mwili unamwambia bado, na "sasa" yenyewe imeshapita. Bi Kidawa aliyaona hayo kutoka ukumbini, uchungu ukamshinda.

"Mguu uliovunjika ni wangu, Siwema! Mbona wewe ndiye usiyesogea?"

Siwema alilia siku hiyo, alilia kweli. Hakulilia shavu. Alilia kwa kuwa alishaona mikono ya mama yake itakavyochanika kule mchangani, na yeye ndiye atakayekuwa ameipeleka.

Siku ya Kamba ikawa ni kesho. Uani mpunga wa sherehe ulikuwa unatwangwa, binamu zake wawili wa ukoo mwingine katika kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, tu-tu, tu-tu. Mpunga ulikuwa mwingi. Wakamwita Siwema awasaidie. Akachukua mchi wa tatu, akasogea, akili yake iko kwenye kamba. Akatia mchi kati ya michi, tu-tu-tu, tu-tu-tu, wala hakuna aliyegongana na mwenzake.

Ghafla akaacha kutwanga. "Nimeingiaje?"

"Umeingiaje wapi?" wakamshangaa.

"Hapa! Nani kaniambia sasa?"

Hakuna aliyemwambia. Akarudi nyuma, akajaribu tena akijitazama mwenyewe. Loo! Kabla mchi haujagusa kinu, magoti yake yalikuwa yameshaanza kunesa, yakilegea na kuinuka, mabega yakifuata, mwili wote ukipanda na kushuka pamoja na michi ya wenzake. Alikuwa akitwanga kabla ya kutwanga. Akautupa mchi, akatoka mbio na pumba mikononi akipiga kelele, "Shangazi! Kamba! Leteni kamba!"

Wakamzungushia. Akasimama pembeni, akanesa, akanesa, akaingia. Hakuguswa! Bi Pili alipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta. Kisha shangazi huyo wa mpango akawanong'oneza wazungushaji wabadili mwendo bila kumwambia, mara polepole kama mtu anayesinzia, mara haraka. Mara ya kwanza Siwema alichapwa. Akacheka, akarudi pembeni, akanesa upya. Hofu ilikuwa imekwisha.

Kesho yake uwanja ulijaa. Bi Kidawa alibebwa juu ya kitanda cha kamba, akawekwa mbele. Akaanza Tumu, mrukaji wa ukoo uliokuwa ukiyatamani yale matope kwa miaka, msichana mwenye mapaja ya nguvu. Alivuta pumzi, akakimbia, akaruka kidogo, kamba ikamnasa kisigino. Wengine walikuja, wengi walichapwa hata kabla ya kuruka. Ikafika zamu ya Siwema.

Alisimama pembeni, magoti yakaanza. Uwanja ukaangua kicheko. "Kamba iko huku, ngoma anaicheza kule!" Wazungushaji nao, wakitaka kumkomesha, wakaongeza kasi. Mwili wa Siwema ukaongeza pamoja nao. Wakapunguza, ukapunguza. Vicheko vikaanza kupungua. Watu wakahisi magoti yao wenyewe yanalegea na kuinuka, bila kutaka.

Hop! Ameingia!

Akaruka. Wakaongeza, akaruka. Wakavuta, wakalegeza, wakahangaika, jasho likawatoka wao badala yake. Bi Kidawa alikamata bega la Bi Pili, akasimama kwa mguu mmoja, akawa ananesa kwa mguu huo huo huku machozi yanamtoka, akipiga kelele, "Mwanangu huyo! Matope yetu hayo!" Mwisho mikono ya wazungushaji ikafa ganzi, wakaibwaga kamba chini. Siwema alikuwa bado hewani.

Mzee Vuai akaonyesha kwa fimbo upande wa kijito. Na Tumu, kabla hata ya kufuta vumbi miguuni, alimfuata Siwema akamshika mkono. "Hiyo ya pembeni," akasema, "nifundishe."

Akafundishwa pale pale, na waliokuwa nyuma yake wakaiga.

Na tangu siku hiyo, popote kamba inapozunguka, iwe uani, iwe mbele ya shule, iwe ya usumba au ya nailoni, mtoto anayesubiri zamu hasimami kama mti. Mtazameni. Ananesa, mikono inapiga hewa, macho yamemtoka. Msimharakishe, wala msimwambie anapoteza wakati. Huyo ameshaingia. Miguu tu ndiyo haijafika.